Uzito Uliokataa Kuvuka

Kazi yangu ilikuwa kutazama miguu ya ndugu yangu. Jioni nikitoka ofisini, kabla hata sijavua viatu, nilimkuta ameshatoka nje na fimbo yake ya gofu, amesimama kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Mbotela, ananingoja. Nilichukua mkebe wa majivu ya jiko nikachora mstari mwembamba ardhini. Alisimama mstari ukiwa katikati ya nyayo zake, akainua fimbo, akaishusha kwa nguvu bila mpira wowote. Fimbo ilipopita chini ilikwaruza udongo, nami niliinama kuangalia alama. Ikiwa upande wa mbele wa mstari, kule alikolenga, nilisema, "Mbele." Ikiwa upande wa pili nilisema, "Nyuma." Kisha nilifagia, nikachora mstari mwingine.

Mara nyingi nilisema, "Nyuma."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Baba yetu, aliyekuwa dereva wa malori, alikuwa ameshafariki, na tulibaki watatu katika nyumba ile ya baraza la jiji: mama, aliyeshona sare za shule kwa cherehani yake karibu na dirisha, mimi, karani wa kampuni moja ya uchukuzi kule viwandani, na ndugu yangu anayenifuata. Yeye alimaliza kidato cha nne, akakosa kazi, akafuata wenzake wa mtaani hadi klabu moja ya gofu upande ule mwingine wa jiji. Huko akawa kedi, mtu wa kumbebea mchezaji mfuko wa fimbo na kumwonyesha mpira wake ulikoangukia. Mama aliombea ile kazi iwe ya muda tu. Watu wa kwetu Ukambani aliowajua yeye walikuwa madereva, makarani na wachonga vinyago, na hakuona mtu mzima angejengaje maisha juu ya mchezo wa watu wengine.

Lakini Jumatatu wenye klabu hawakucheza, na makedi waliruhusiwa kuingia uwanjani wenyewe. Ndiko ndugu yangu alikojifunza, kwa fimbo za kuazima, hadi wenzake wakaanza kuacha mchezo wao ili wamtazame yeye. Nilisikia sifa hizo mtaani kwanza. Siku moja nikaomba ruhusa kazini, nikasingizia jino, nikaenda kujionea.

Sikujua chochote kuhusu gofu. Nilijua tu kwamba huyu aliyesimama kwenye nyasi zile za kijani, akiwa na suruali ya baba iliyopunguzwa kiunoni, ndiye yule yule aliyekuwa akinigombania blanketi tukiwa wadogo. Akapandisha fimbo bila haraka. Mwili wote ukaegemea mguu wa kulia, kisha ukaondoka hapo, ukahamia kushoto, na mpira ukawa umeshakwenda kabla sijasikia mlio. Alimaliza amesimama wima juu ya mguu wa kushoto, wa kulia umegusa nyasi kwa ncha ya kiatu tu, na alibaki hivyo akiutazama mpira, hatikisiki. Kando yangu alikuwa amesimama mwalimu wa gofu wa klabu ile, mtu wa makamo aliyekulia mtaa wa Ziwani na kuanza kama kedi vile vile. Aliniuliza kama mimi ni dada yake. Nilipokubali, aliniambia nimwambie mama asihangaike sana.

Nimeisimulia siku hiyo kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi. Nilimwona, kwa macho yangu, akikanyaga mguu ule wa kushoto kwa uzito wake wote na kutulia juu yake. Kwa hiyo nilijua kwamba aliwahi kuweza.

Mwaka uliofuata mpira ulianza kumkataa. Alirudi nyumbani Jumatatu amenyamaza, akala, akalala. Nilipomuuliza alisema anapiga ardhi kabla ya mpira, na asipopiga ardhi, mpira unapaa juu kama puto na kuanguka karibu. Alikuwa amepoteza umbali. Watu aliokuwa akiwapita sasa walikuwa wanampita.

Mwalimu alimtazama kwa muda, kisha akamweleza, na ndugu yangu alikuja kunieleza mimi kwa kutumia mwiko wa mama pale jikoni. Mtu anayepiga kwa mkono wa kulia, fimbo ikipanda, uzito wake huenda mguu wa kulia. Fimbo ikishuka, uzito huo unatakiwa uvuke, uende kushoto, ili mpira upigwe na mwili mzima. Wake ulikuwa hauvuki. Ulikwenda kulia ukakaa huko kama mgeni aliyesahau kuaga, na mikono ikabaki kufanya kazi peke yake.

Sababu ya kutovuka, mwalimu aliijua pia, au alidhani anaijua. Miezi michache kabla ya hapo kulikuwa na shindano la makedi, na ndugu yangu aliongoza hadi shimo la mwisho. Pale akaupiga mpira kwa nguvu zote ukaingia majini. Mwalimu alisema tangu siku hiyo anapiga akiwa amejizuia. Ni woga, alisema. Mwili umejifunza kurudi nyuma, basi tutaufundisha kwenda mbele. Maelezo hayo yalituingia wote. Hata ndugu yangu aliyapokea haraka sana, na leo ninapokumbuka namna alivyotikisa kichwa akikubali, naona kwamba yalimfaa. Woga ulikuwa kitu kinachoweza kurekebishwa na mazoezi.

Mwalimu alikuwa na mpango naye. Kulikuwa na mtihani wa uwanjani kwa wanaotaka kuwa wachezaji wa kulipwa, raundi mbili kwa siku moja, asubuhi na alasiri, na anayefaulu aliruhusiwa kufundisha. Mwalimu alitaka msaidizi. Alimwambia ndugu yangu kwamba nafasi hiyo ni yake kama ataurudisha ule mpigo wa zamani.

Ndipo mstari wa majivu ulipoanza. Mchana alikuwa kazini akibeba mifuko ya watu, hivyo mazoezi yalikuwa ya jioni, na mtu wa kumwangalia alikuwa mimi. Nilianza kwa kumhurumia, nikaishia kuipenda kazi yenyewe. Siku nzima ofisini nilipiga chapa barua zisizonihusu. Pale kwenye vumbi kulikuwa na jambo moja ninaloweza kuliona likibadilika. Majirani walitania kwamba tunafyeka nyasi ambazo hazipo. Mama alipitisha kichwa dirishani mara kwa mara na kuuliza kama tumemaliza kupigana na ardhi, maana chakula kinapoa.

Kulikuwa na zoezi la kutembea. Akishapiga, aliuacha mguu wa kulia ufuate mwili, akapiga hatua kwenda mbele kana kwamba anaufuata mpira. Hilo alilifanya vizuri kiasi. Kulikuwa na la kubana miguu pamoja na kuutoa wa kushoto wakati fimbo inashuka. Hilo pia alilivumilia. Lililomshinda lilikuwa la tatu. Aliuweka mguu wa kulia nyuma, umesimama kwa vidole tu kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, na mwili wote ukawa juu ya kushoto tangu mwanzo. Apige hivyo, arudie, arudie. Kila nilipolitaja alikuwa na kiu, au alikuwa amesahau kumwambia kitu jirani, au mwanga ulikuwa umepungua.

Nilimpelekea mwalimu habari hizo Jumamosi moja nilipokwenda kumchukua ndugu yangu klabuni ili twende harusini. Mwalimu alicheka. Alisema zoezi analolikimbia mtu ndilo dawa yake, nisimwonee huruma. Nami sikumwonea.

Kuna mambo niliyoyaona wakati ule, na nikiyaweka pamoja sasa nashangaa yalinipitaje. Kanisani, wimbo ukiwa mrefu, aliegemea mgongo wa benchi la mbele na kuuinua mguu wa kushoto kidogo kutoka sakafuni. Fundi viatu wa mtaani alimtania mbele yangu kwamba kiatu chake cha kulia kimekwisha na cha kushoto bado kipya, akamuuliza kama anatembea kwa kurukaruka. Sote tulicheka, na yeye alicheka kuliko sisi. Alianza kununua dawa ya maumivu dukani, akasema ni kichwa, jua la uwanjani ni kali. Halafu mazoezi yenyewe. Siku zote alianza vizuri na kuharibika kadiri jioni ilivyosogea. Mtu mwenye woga angeanza vibaya na kutulia baadaye. Yeye alikwenda kinyume, na mimi niliyekuwa nikitazama miguu hiyo kila siku niliandika akilini kwamba amechoka.

Mara moja tu nilikaribia. Nilirudi mapema siku hiyo nikamkuta amesimama mlangoni, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, macho yamefumbwa, mguu wa kushoto unaning'inia. Nilimuuliza ana nini.

"Ni kuchoka tu, sista," alisema. "Lete majivu."

Nilileta majivu.

Sikumbuki ilikuwa wiki gani mambo yalipogeuka. Nakumbuka ilikuwa imenyesha mchana na udongo ulikuwa laini, alama zikionekana vizuri. Alisema leo tuanze na lile la tatu. Aliuweka mguu wa kulia nyuma kwa vidole, akameza mate, akapiga. Nikainama. Alama ilikuwa mbele ya mstari. Nikachora tena, ikawa mbele tena, mbali zaidi. Akarudi kwenye mpigo wa kawaida, na uzito ukavuka. Niliuona ukivuka. Ulitoka kulia ukaenda kushoto kama siku ile ya kwanza niliyomwona, na mkanda wake ukageuka ukatazama kule alikolenga. "Mbele," nilisema. "Mbele. Mbele." Nilikuwa napiga kelele bila kujua, hadi mama akatoka na sindano mkononi kuuliza kumetokea nini. Nikamwambia amtazame. Akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu baba afariki nilimwona mama akimpigia mwanawe makofi.

Ndugu yangu alikwenda kukaa kwenye jiwe la kufulia. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na ulikuwa na rangi ya majivu yale. Nilidhani ni furaha. Nilimletea maji, akanywa yote, akaniomba nimwache peke yake kidogo.

Mwalimu alipomwona Jumatatu iliyofuata alimpa mkono. Akamwandikisha kwa ajili ya mtihani.

Niliomba tena ruhusa kazini, safari hii bila kusingizia chochote. Mama alibaki nyumbani. Alisema ataomba akiwa kwenye cherehani. Asubuhi ilikuwa na ukungu na nyasi zilikuwa zimelowa. Wachezaji walitoka kwa makundi madogo, na kila mmoja alikuwa na msimamizi wa kuandika mapigo yake. Nilitembea pembeni pamoja na makedi wenzake, waliokuja wengi, wakinyamazishana.

Raundi ile ya asubuhi ndiyo ninayoikumbuka nikitaka kuikumbuka sura ya ndugu yangu. Alicheza kama mtu anayejua kila mpira unakokwenda. Hakutabasamu. Baada ya kila pigo alibaki juu ya mguu wa kushoto kwa muda mfupi, fimbo begani, kisha akashuka polepole na kuanza kutembea. Nilidhani kule kutembea polepole ni heshima ya mchezo. Mwalimu, aliyekuwa akifuata kwa mbali, alinikonyeza. Raundi ilipokwisha ndugu yangu alikuwa miongoni mwa walio juu kabisa, na alichohitaji alasiri ni kutofanya upuuzi.

Wakati wa chakula wenzake walikaa chini ya kivuli. Yeye alisimama, amejiegemeza kwenye mti, akila mkate. Nikamwambia aje akae. Alisema akikaa hatainuka. Nilicheka nikamwambia wasiwasi utamwisha akianza kucheza.

Alasiri mambo yalikwenda vizuri hadi kwenye shimo moja refu lililopinda kidogo kushoto. Hapo mtu hutumia fimbo kubwa na nguvu zake zote. Alisimama, akatikisa mabega, akatazama mbali. Fimbo ikapanda. Iliposhuka nilijua kabla ya mpira kuguswa kwamba hili litakuwa pigo lake bora zaidi, maana nilikuwa nimejifunza kuona. Uzito ulivuka wote. Haukubaki hata kidogo nyuma.

Nilisikia sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya fimbo na mpira. Ya pili ilikuwa kavu, fupi, kama kuni inayovunjwa gotini. Alianguka upande wa kushoto, taratibu, fimbo bado mkononi, na hakupiga kelele. Watu wa kwanza kumfikia walidhani ameteleza. Mimi nilipofika niliona mguu wake, chini ya goti, umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Alinishika kifundo cha mkono.

"Ulivuka?" aliniuliza.

"Ulivuka," nikamwambia.

Makedi walimbeba juu ya ubao wa tangazo walioung'oa. Mwalimu alimfunika kwa koti lake, akaendesha gari mwenyewe hadi hospitali. Mimi nilikaa nyuma nimempakata kichwa. Nilikuwa nikijiuliza inakuwaje mtu avunjike mguu bila kugongwa na kitu.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alitazama picha za mguu kwa muda mrefu, akaziweka kando, akamuuliza ndugu yangu mguu umemuuma tangu lini. Nilikuwa karibu kujibu kwamba umevunjika leo. Ndugu yangu alitazama dari.

"Tangu mwaka juzi," alisema.

Mama, aliyekuwa ameitwa kwa simu ya duka la jirani na kufika na uzi mweupe bado umenasa kwenye sketi yake, alikaa chini.

Daktari alituita nje, mama, mwalimu na mimi. Alisema ndani ya mfupa, chini ya goti, kulikuwa na uvimbe. Haukuwa ule wa kusambaa mwilini na kuua, lakini ulikuwa umeula mfupa kwa ndani hadi ukabaki kama ganda. Ungeonekana mapema, ungekwanguliwa na mfupa ukajazwa, mguu ukabaki. Sasa ulikuwa umevunjika vipande na uvimbe umetoka nje yake. Atajaribu kuuliza wakubwa wake, ila tusijipe matumaini makubwa.

Kisha akasema jambo ambalo kwake lilikuwa swali tu la kidaktari.

"Mtu mwenye mfupa wa namna hii huwa haukanyagi kwa nguvu. Mwili wenyewe unamkataza. Huyu aliukanyagaje?"

Mama alinigeukia mimi. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anatafuta mtu wa kumjibia daktari, kama alivyozoea kunitafuta ofisini kwa watu na benki. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Alifundishwa," nikasema.

Mguu ulikatwa juu ya goti wiki iliyofuata. Uvimbe haukurudi, na kwa hilo mama alimshukuru Mungu kila Jumapili hadharani. Watu wa kanisa walipomuuliza mwanawe aliumia vipi, alisema aliumia kazini. Hakuutaja mchezo. Nilimsikia akilisema hilo mara nyingi, kwa sauti imara, na nilitamani angelitumia neno hilo, kazi, mapema kidogo, ndugu yangu akiwa bado anaweza kulifurahia.

Mwalimu alikuja wodini karibu kila siku. Alileta machungwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, wakazungumza juu ya watu wa klabu. Siku moja nilimsindikiza hadi getini. Alisimama pale akigeuzageuza funguo za gari, akaniambia kwamba alimuuliza kijana yule kila kitu: anashikaje fimbo, anafikiria nini kabla ya kupiga, analala vizuri, ana deni, ana msichana. "Nilimuuliza kila kitu isipokuwa kama kuna mahali panamuuma," alisema. Mimi pia nilikuwa nimeuliza mara moja tu, na jibu la kwanza likanitosha.

Ndugu yangu mwenyewe nilimuuliza kwa nini alificha. Alikuwa ameanza kukaa kitandani, magongo yameegemezwa ukutani. Alijibu kwa utulivu, kama aliyekwisha kujijibu mwenyewe zamani. Mwanzoni, alisema, yalikuwa maumivu madogo, ya kukanyaga vibaya. Yalipozidi, mwalimu alikuwa ameshamtajia ile kazi. Angesema, tungempeleka hospitali, wangemfunga plasta, na mwalimu angechukua mtu mwingine. Baadaye akaanza kuamini kweli kwamba ni woga. Kila mtu aliyemwamini alimwambia ni woga. Kwa hiyo kila mguu ulipouma alijiambia kwamba hayo ndiyo maumivu ya woga unaotoka.

Hilo ndilo lililonikalia moyoni. Nilidhani tulikuwa tunamsaidia kupigana na udhaifu, kumbe mwili wake ulikuwa unasema ukweli tangu mwanzo, kwa lugha pekee uliyokuwa nayo, na sisi watu watatu werevu, mwalimu, mimi na yeye mwenyewe, tukakaa jioni baada ya jioni tukiunyamazisha. Uzito ulikataa kuvuka kwa sababu upande wa pili hakukuwa na pa kutua. Kama ningejua hata kidogo tu, ningemwacha apige vibaya maisha yake yote.

Siku moja nilijaribu kumwambia hivyo. Alikuwa ameshapata mguu wa bandia, uliomchubua na ambao aliuvua kila alipofika nyumbani. Nilianza kusema kuhusu majivu, kuhusu ile jioni ya mvua na kelele nilizopiga. Hakuniacha nimalize.

"Mimi ndiye niliyekuwa na mguu, sista," alisema. "Wewe ulikuwa na mstari tu."

Alisema kwa upole, na sijui kama ulikuwa msamaha au alikuwa ananiomba nisimwongezee mzigo. Sikurudia tena.

Mwalimu alimwekea nafasi ile kwa muda. Alimwambia mtihani si lazima, kufundisha ni macho na maneno, na macho anayo. Ndugu yangu alikwenda. Alipewa kiti pembeni ya mahali pa mazoezi, na mwanachama mmoja, mama wa makamo, akaletwa mbele yake. Tatizo la yule mama lilikuwa lile lile: uzito haukuvuka. Ndugu yangu alimtazama akipiga, akamtazama tena, akamuuliza kama mguu unamuuma. Akasema hapana. Akamuuliza goti. Hapana. Nyonga, mgongo, kisigino. Yule mama akaanza kukasirika, akasema amekuja kucheza, hakuja kutibiwa. Mwalimu akaingilia kwa mzaha. Ndugu yangu akachukua gongo lake, akaaga vizuri, na hakurudi tena. Fimbo zake aliwaachia makedi wagawane.

Alipata kazi mtaa wa viwanda wa Baba Dogo, kwenye stoo ya kiwanda cha plastiki, kazi ya kukaa. Huko alikutana na mwanamke kutoka magharibi mwa nchi, mpangaji wa bidhaa katika kiwanda hicho hicho, mcheshi, mwenye kusema analofikiri. Walioana kabla muongo haujaisha. Kwenye harusi wenzake wa klabu walikuja wakiwa wamevaa vizuri, na mwalimu alitoa hotuba fupi ambayo haikugusa gofu hata kidogo. Nilimshukuru kimoyomoyo, halafu nikasikitika. Ndugu yangu alikuwa mchezaji bora kuliko wote waliokuwa chini ya hema lile, na siku yake kubwa ilipita bila mtu yeyote kulisema hilo.

Niliendelea kuishi na mama Mbotela. Jumapili baada ya ibada nilikwenda Baba Dogo kuwatembelea. Mke wake alinipikia, akanilalamikia kuhusu maji yanayokatika na mwenye nyumba anayejifanya haoni. Ndugu yangu alikaa karibu na mlango mguu wa bandia ukiwa umevuliwa, akisikiliza mpira wa miguu redioni, akibishana na mtangazaji. Alinenepa kidogo. Alicheka kwa urahisi zaidi ya zamani.

Kuna swali moja nililokuwa nalo kila nilipokaa kwenye kile kiti chao cha mbao. Nilitaka kumuuliza alihisi nini katika lile pigo la mwisho, kabla ya maumivu, pale mwili wake wote ulipofika mahali alipokuwa amepatafuta kwa muda mrefu. Mara kadhaa nilifungua mdomo. Mke wake alikuja na chai, au redio ilipandisha sauti kwa sababu kuna aliyefunga bao, nasi tukazungumza mambo mengine hadi saa yangu ya kuondoka ikafika.